Akaiti, Mkimbiaji Aliyeogopa Kushiba

Kila alfajiri, kabla ya kwenda kukimbia, Akaiti alikuwa akiweka mguu mmoja juu ya kaburi la babu wa mumewe na kunyoosha misuli. Kaburi lilikuwa mbele ya nyumba, limejengwa kwa saruji na kupakwa chokaa. Urefu wake ulimfaa sana.

Dirisha la nyumba ya pili likafunguliwa. Mama Ngapoko, mama mkwe wake, akatoa kichwa.

"Umemwomba ruhusa leo?"

"Nimemwomba, Mama. Kasema nisichelewe kurudi."

"Muongo wewe. Yule mzee hakuwahi kuamka saa hizi hata alipokuwa hai."

Akaiti alicheka, akafunga kamba za viatu, akashika barabara. Mbwa wa kijiji cha Matavera walimjua. Wawili walimfukuza hadi kwenye daraja, kama kawaida yao, kisha wakarudi kulala.

Akaiti alikuwa na miaka thelathini na mbili. Alifanya kazi ya kufua mashuka hotelini. Mumewe, Teokotai, alikuwa fundi wa pikipiki. Walikuwa na mtoto mmoja, Nooroa, msichana wa miaka saba aliyependa kuuliza maswali.

Alianza kukimbia baada ya kumzaa Nooroa. Mwanzoni alitembea tu, akisukuma mtoto kwenye kigari. Baadaye akakimbia hadi kanisani na kurudi. Baadaye tena akapita kanisa. Mwaka uliopita alijiandikisha katika mbio za kuzunguka kisiwa. Pale Rarotonga, kisiwa kidogo cha Bahari ya Pasifiki, barabara ya pwani ni moja. Ukitoka mjini Avarua ukiifuata tu, utarudi Avarua, kilomita thelathini na moja. Akaiti aliifuata kwa saa tatu na nusu. Alifika akiwa wa mwisho kabisa isipokuwa wazee wawili waliokuwa wakitembea na kupiga soga. Teokotai alimwinua juu kama mtu aliyechukua kombe.

"Mwaka ujao nitamaliza chini ya saa tatu," Akaiti alisema.

"Mwaka ujao nitakupigia makofi hivi hivi," alisema Teokotai, "hata ukija na gari la wagonjwa."

Lakini Akaiti hakuwa anatania.

*

Mwenzake wa mazoezi alikuwa Kura. Kura aliuza nguo sokoni, alikuwa mwembamba na mwepesi, na alikuwa na simu iliyojaa video za wakimbiaji wa nchi za mbali. Walikutana kila asubuhi kwenye njia panda ya kanisa.

"Dada, nikwambie kitu usikasirike?" Kura alisema siku moja wakiwa wanakimbia.

"Sema."

"Wewe mzito. Sisemi kwa ubaya. Ungekimbia umebeba gunia mgongoni?"

"Sijabeba gunia."

"Umebeba magimbi ya jana. Na mkate. Na tui la nazi la mama mkwe wako. Hivyo vyote unavizungusha kisiwa kizima."

Akaiti alicheka, lakini maneno yale yalimwingia. Alipofika kazini alijipima kwenye mizani ya hotelini. Kesho yake akaacha mkate. Wiki iliyofuata akaacha magimbi na shelisheli. Kisha akaacha kila kitu chenye tui. Asubuhi alikunywa chai bila sukari akaenda kukimbia na tumbo tupu. Mchana alikula yai na majani. Jioni alikula kipande cha samaki, na alikisogeza sogeza kwenye sahani ili kionekane kimeliwa zaidi.

Mwanzoni alifurahi. Alipungua, na miguu ikawa myepesi. Yeye na Kura walihesabu dakika zao na kupigana mabega. Aliongeza mazoezi. Alikimbia hata Jumapili baada ya ibada, siku ambayo Matavera nzima ilikuwa imelala kwa shibe.

Baada ya miezi michache mambo yakaanza kubadilika. Alikimbia kwa nguvu zilezile lakini dakika zikaongezeka badala ya kupungua. Alisikia baridi mchana wa jua. Nywele zilibaki kwenye kitana. Usiku aligeuka geuka, na asubuhi alikuwa mkali kama ndimu. Teokotai alimwuliza kwa upole kama ameona bisibisi yake.

"Mimi ndiye mlinzi wa bisibisi zako?"

Teokotai akaenda kuitafuta mwenyewe.

Kisha mguu wa kulia ukaanza kuuma. Maumivu yalikuwa mbele, kwenye mfupa wa muundi, mahali pamoja tu, padogo kama sarafu. Mwanzoni yalikuja akikimbia na kuondoka akipumzika. Baadaye yalikuja hata akisimama kupiga pasi.

"Ni viatu," alisema Kura. "Tazama soli zako. Zimelika kama sabuni ya mwisho."

Hilo lilikuwa kweli. Teokotai alimpigia simu binamu yake aliyeko Auckland. Baada ya wiki mbili boksi likaja kwa ndege. Ndani mlikuwa na viatu vya kukimbilia vya rangi ya machungwa, vipya, vyenye nafasi ya kutosha mbele ya vidole. Akaiti alimkumbatia mumewe, akamwomba radhi kwa ajili ya bisibisi.

Asubuhi iliyofuata alivivaa. Hakufika hata darajani. Maumivu yalikuwa palepale.

*

Wakati huo Mama Ngapoko alikuwa na mawazo yake. Yeye ndiye aliyenunua mahitaji ya nyumba zote mbili. Aliona pakiti ya pedi za Akaiti imekaa kabatini miezi minne haijaguswa. Aliona mkwewe anachoka, anakasirika ovyo, na chakula hakitaki. Mama mtu mzima akajumlisha. Alitoa vitambaa vyake vizuri, akavikata maumbo ya maua mekundu na majani, akaanza kushona tivaevae, lile tandiko la kitanda ambalo wanawake wa kule hushona kwa ajili ya harusi na watoto wanaozaliwa.

Alimnong'oneza mwanawe tu. Kuanzia siku hiyo Teokotai alimpokonya mkewe kila ndoo.

"Lete, nitabeba."

"Teo, ni ndoo ya maji. Nina mikono."

"Najua una mikono. Kaa chini."

Akaiti alishindwa kuelewa kilichompata mwanaume huyu. Akaelewa siku ya Jumamosi, alipoingia kwa mama mkwe kuazima mkasi. Tivaevae ilikuwa imetandazwa sakafuni. Ilikuwa ndogo, ya ukubwa wa kitanda cha mtoto.

"Ya nani hii, Mama?"

Mama Ngapoko alitabasamu, akaendelea kupitisha uzi. "Ya mwenyewe. Akija ataikuta."

Akaiti alikaa sakafuni. Walitamani mtoto wa pili kwa muda mrefu.

"Mama, sidhani."

"Miezi minne, mwanangu. Mimi nimezaa sita. Usinifundishe."

Siku hiyo hiyo Teokotai alikwenda mjini kununua kipimo cha mimba. Alirudi mbio na pikipiki bila kofia. Walikaa wote watatu mezani wakakitazama. Ulionekana mstari mmoja tu. Hakukuwa na mimba.

Mama Ngapoko aliweka kiganja chake juu ya mkono wa Akaiti, akashtuka.

"Mbona mkono wa baridi hivi? Teokotai, niitie Moeroa."

*

Moeroa alikuwa jirani yao wa upande wa pili wa ua. Alikuwa muuguzi wa kliniki, na kwa miaka mingi alipiga kasia katika timu ya wanawake ya mitumbwi ya mashindano. Alikuja akiwa amevaa kandambili, akila embe.

Hakuanza na mguu. Alianza na chakula.

"Umekula nini leo?"

"Yai," Akaiti alijibu. "Na tango."

"Na ulikimbia?"

"Kilomita kumi na mbili."

Moeroa aliacha kutafuna. "Hedhi ilikuja lini mara ya mwisho?"

Akaiti alimwambia. Akaongeza, "Kura anasema ni kawaida. Anasema hedhi ikikatika ndiyo ujue sasa wewe ni mwanamichezo kweli."

"Kura anauza nguo nzuri," alisema Moeroa. "Kwenye habari za hedhi usimsikilize. Mwanamke wa umri wako hedhi ikipotea miezi mitatu, na hana mimba, hanyonyeshi, aende kliniki. Huo siyo uhodari. Ni mwili unalia."

"Unalia nini?"

"Njaa. Sikiliza, Akaiti. Hata ukilala kitandani siku nzima, mwili wako una kazi. Moyo upige, damu ipate joto, akili ifikiri, mifupa ijengwe. Kazi hizo zote zinakula. Halafu wewe unaongeza kukimbia, na kukimbia kunakula zaidi. Kisha unapunguza chakula. Mwili ufanye nini? Unaanza kukata matumizi. Unakata hedhi, kwa sababu unaona huu si wakati wa kubeba mimba. Unakata joto. Ndiyo maana mikono yako ni ya baridi. Unaacha kutengeneza mifupa."

Teokotai alisogea. "Ni kama injini..."

"Ukinifananisha na pikipiki," alisema Akaiti, "leo nalala kwa mama yako."

Wote walicheka, na Akaiti mwenyewe alicheka huku machozi yakimtoka. Alikuwa hajacheka siku nyingi.

"Wanaume nao huwapata?" Teokotai aliuliza baadaye.

"Huwapata. Ila wao hawana hedhi ya kuwaonya. Wanaona uchovu, wanaumia kila mara, na hata hamu ya mke inapungua."

"Basi mimi mzima," alisema Teokotai, na mama yake akampiga kofi la begani.

Moeroa alipiga magoti akamshika Akaiti mguu. Alibonyeza mfupa wa muundi taratibu kutoka juu kwenda chini. Alipofika mahali pale padogo, Akaiti aliruka.

"Simama na mguu huu mmoja. Rukaruka."

Akaiti aliruka mara moja, akashika meza.

"Jumatatu tunakwenda hospitali wote wawili," alisema Moeroa. "Na tangu sasa hukimbii."

*

Daktari aliagiza picha ya mfupa. Picha haikuonyesha kitu. Akaiti akainuka kwa furaha, lakini daktari alimwambia akae. Ufa mdogo kwenye mfupa, alisema, mara nyingi hauonekani wiki za mwanzo. Dalili zote zinauonyesha. Asikimbie kwa wiki nane, atembee kidogo tu, na picha irudiwe. Alichukua na damu ya kupima.

Mbio za kuzunguka kisiwa zilikuwa zimebakiza wiki tano.

"Nitakimbia kwanza," Akaiti alimwambia Moeroa njiani, "kisha nitapumzika hata mwaka."

"Ukikimbia na ufa, mfupa unaweza kuvunjika kabisa. Katikati ya barabara. Hapo hutapumzika mwaka. Utalala na chuma mguuni."

"Nimefanya mazoezi mwaka mzima, Moeroa."

"Najua. Nilikuwa nakuona ukipita. Ndiyo maana nina hasira."

Moyoni Akaiti alikuwa ameshaamua. Angeufunga mguu vizuri, angemeza dawa ya maumivu, na angekimbia.

Jioni ile Mama Ngapoko aliwapelekea chakula: magimbi ya kuchemsha, majani yake yaliyopikwa kwa tui, na samaki. Akaiti alijipakulia samaki. Teokotai alimpakulia Nooroa.

Nooroa aliitazama sahani yake. Kwa kidole kimoja akasukuma gimbi hadi ukingoni. Kisha akasukuma na majani.

"Kula, mama," alisema Teokotai.

"Sitaki. Nitakula samaki tu."

"Unapenda magimbi wewe."

"Yananenepesha," alisema Nooroa. "Mimi mzito. Nikikimbia shuleni wananipita."

Teokotai aliweka kijiko chini. Hakumtazama mkewe. Pengine hilo ndilo lililomuuma Akaiti zaidi, kwamba hakumtazama.

Akaiti aliangalia mikono ya mwanawe. Ilikuwa mikono midogo, ya mtoto anayekua. Aliiangalia na sahani yake mwenyewe. Ilifanana na ya mtoto.

"Nooroa," alisema, "mama alikosea."

"Ulikosea nini?"

"Nilidhani chakula ni adui. Mfupa wangu umepata ufa kwa sababu sikuulisha."

"Mfupa unakula?"

"Unakula. Kila kitu ndani yako kinakula."

Nooroa alifikiri. "Basi kula wewe kwanza."

Akaiti alichukua gimbi kutoka sahani ya katikati. Lilikuwa zito mkononi. Alikata kipande, akakichovya kwenye tui, akala. Akakata kingine. Nooroa alimhesabia vipande hadi gimbi likaisha, kisha akavuta la kwake.

Baada ya mtoto kulala, Akaiti alimwambia mumewe, "Sikimbii mwaka huu."

Teokotai alimvuta karibu, akaweka kidevu juu ya kichwa chake. "Nilikuwa natafuta namna ya kukufichia viatu," alisema.

*

Usidhani mambo yalinyooka siku moja. Kula kulimpa Akaiti hofu. Kuna siku alipanda mizani ya hotelini akaona namba imepanda, akakosa raha hadi jioni. Moeroa alimwambia aachane na ile mizani, na Teokotai akajitolea kuitupa baharini, ila ilikuwa ya hoteli.

Ili miguu isisahau kazi, Moeroa alimwelekeza atembee ndani ya maji, yale matulivu ya bahari yaliyo kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe, yakimfika kifuani. Maji yalimbeba, na mfupa haukugongwa. Nooroa alimfuata na boya lake akimpigia kelele aongeze mwendo.

Siku ya mbio Akaiti alisimama kando ya barabara na ndoo ya madafu, akiwagawia wakimbiaji. Kura alipita akiwa mbele mbele, mwembamba kama uzi. Alimaliza wa nne kwa wanawake. Jioni alikuja kumsalimia akiwa na medali shingoni.

"Pole, dada. Tungekuwa wote pale mbele." Alimtazama Akaiti toka juu hadi chini. "Naona na mwili umerudi."

"Umerudi, ndiyo."

"Mwakani utalazimika kuanza upya kuupunguza."

"Kura, na wewe hedhi yako inakuja?"

Kura alicheka. "Nani anaikumbuka ile?"

"Nenda ukamwone Moeroa."

"Mimi sina ufa popote," alisema Kura, akaenda zake. Akaiti alibaki pale na ndoo tupu, na hatuwezi kusema hakuona wivu. Aliona.

Picha ya pili ya mguu ilionyesha mstari mweupe mahali mfupa ulipokuwa ukijiunga. Majibu ya damu hayakuonyesha ugonjwa mwingine. Mwezi wa tatu tangu aanze kula vizuri, hedhi ilirudi. Akaiti alitoka bafuni akamwambia Mama Ngapoko, na wanawake hao wawili wakacheka na kushikana mikono kwa jambo ambalo zamani waliliona usumbufu tu.

"Na kama hamtaki mtoto mwaka huu, mpange," Moeroa aliwaambia. "Hata kabla hedhi haijarudi, mimba inaweza kuingia. Msidanganyike."

Teokotai na mkewe walitazamana. Walikubaliana mbio kwanza, mtoto baadaye.

Akaiti alianza tena polepole. Alikimbia dakika chache, akatembea, akakimbia tena. Mguu ukiuma, alirudi nyumbani bila kubishana nao. Kila wiki alipumzika siku mbili, na Jumapili alilala baada ya chakula kama Wakristo wengine. Mbio ndefu alifanya mara moja kwa wiki, kwa mwendo wa kuweza kuzungumza. Asubuhi hakutoka tena na tumbo tupu. Teokotai alimwekea ndizi na kipande cha mkate juu ya kiti cha pikipiki, mahali ambapo hangeweza kupita bila kuviona. Akirudi alikula mapema kabla njaa haijamchosha: mayai, samaki, shelisheli la kuchoma, chochote kilichokuwepo, na cha kutosha.

Alijaribu pia chakula cha njiani. Kwenye mbio ndefu alibeba magimbi ya kuchemsha yaliyokatwa vipande vidogo na kutiwa chumvi, na ndizi mbivu. Mara ya kwanza alikula mengi kwa pamoja, tumbo likamsokota, akaingia vichakani kwa haraka. Moeroa alimwambia ale kidogo kidogo, na kamwe asijaribu chakula kipya siku ya mashindano. Maji nayo anywe kwa kadiri ya kiu, si kwa kushindana na chupa, kwa kuwa maji mengi kupita kiasi nayo hudhuru.

Viatu vya rangi ya machungwa vilimfaa sana. Havikuwa na kosa lolote tangu mwanzo.

*

Mwaka ukazunguka. Asubuhi ya mbio, wakimbiaji walikusanyika Avarua kukiwa bado na giza. Akaiti alikuwa amekula saa mbili kabla. Kiunoni alifunga kifuko chenye magimbi na ndizi.

Kura alikuja kumkumbatia. Mabega yake yalikuwa mifupa mitupu. "Umebeba na jiko?" alimtania.

"Jiko liko nyuma kwa Teokotai."

Kengele ya kuanza ikagongwa. Kura akachomoka. Akaiti akaenda mwendo wake. Alipita kijiji cha Arorangi jua likichomoza nyuma ya milima. Kila baada ya muda alitia kipande mdomoni. Kijijini Titikaveka watu walikuwa wameweka viti barabarani wakipiga ngoma. Aliitazama saa yake. Alikuwa mbele ya mpango. Miguu ilikuwa yake, na pumzi ilikuwa yake. Kumaliza chini ya saa tatu kulikuwa kunawezekana.

Karibu na Matavera aliona mtu ameketi kwenye ukuta mfupi wa mawe, kichwa katikati ya magoti. Alikuwa Kura.

Akaiti alimpita hatua tatu. Kisha akasimama.

"Kura."

"Nenda," alisema Kura bila kuinua kichwa. "Unakimbia vizuri. Nenda."

Uso wake ulikuwa wa majivu. Mikono ilitetemeka, na jasho lake lilikuwa la baridi. Akaiti aliijua baridi ile. Aliitazama barabara, akaitazama saa, akaketi ukutani.

"Umekula nini leo?"

"Nikila nitatapika."

"Sijakuuliza hilo."

"Kahawa," alisema Kura.

Akaiti alimenya ndizi, akakata kipande kidogo. "Weka mdomoni tu. Usimeze kwa haraka."

Kura alikiweka mdomoni kama mtoto anayelazimishwa. Wakimbiaji walipita. Bibi mmoja mwenye kofia ya ukili aliwauliza kama wanauza ndizi. Akaiti alimpa Kura kipande cha pili, kisha gimbi lenye chumvi. Akamtuma mwanamke wa nyumba iliyokuwa nyuma ya ukuta ule amwite Moeroa, aliyekuwa kwenye meza ya maji mbele kidogo. Moeroa alikuja, akampima Kura, akamwuliza jina lake na siku, akakaa naye hadi rangi ikaanza kumrudia.

"Unaweza kupanda gari," alisema.

"Nataka kufika kwa miguu," alisema Kura. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Basi mtembee. Ukisikia kizunguzungu tena, gari. Akaiti, wewe ndiye nesi hadi Avarua."

Walitembea. Walipita nyumbani, na Mama Ngapoko akatoka na kiti kichwani akidhani wameanguka wote wawili. Watu waliwatania kwamba wanakwenda sokoni. Wakafika mjini karibu saa nne tangu waanze, nyuma hata ya mwaka ule wa kwanza. Teokotai alikuwa amesimama kwenye mstari. Alikuwa ameona saa ikipita, na hakujua kilichotokea. Alipowaona wamekumbatiana viuno alielewa, akaanza kupiga makofi.

"Dakika zako zimepotea kwangu," Kura alimwambia Akaiti.

"Mwakani zitakuwepo."

Kura alivua kofia, akafuta uso. "Ile hedhi," alisema polepole. "Ni mwaka na nusu sasa. Sikuthubutu kumwambia mtu."

Akaiti hakumpa mahubiri. Alimpa gimbi la mwisho, na Kura akalila lote.

Jumatatu asubuhi Moeroa alipofungua lango lake kwenda kazini, alimkuta Kura amesimama nje, amevaa nguo za sokoni, mkoba mkononi.

"Akaiti kaniambia unaanza na swali la chakula," alisema Kura.

"Ndiyo."

"Leo nimekula," alisema Kura. "Mkate. Vipande viwili. Sasa niulize hayo mengine."